Kuhariri Sauti kwa Programu ya Zamani kwenye Kompyuta Kuukuu: Mwongozo Kamili

Malalamiko ni yale yale. Mtu karekodi mahojiano ya saa nzima, anasikiliza, anakuta maneno yamemezwa katikati. Mwingine kahamisha kazi yake kwenye flashi, kaifungua kwingine, anaambiwa faili za sauti hazionekani. Wote wawili huishia kuilaumu kompyuta kwamba imezeeka, na mara nyingi wanaisingizia.

Kuna jambo moja ambalo ukilishika, hatua zote zinazofuata utaziona zina maana: kurekodi kunafungwa na saa, kuhariri hakufungwi. Sauti ikitoka kwenye maikrofoni, kompyuta lazima iiandike diskini papo hapo. Ikichelewa, kipande hicho kimepotea na hakirudi. Lakini ukiiamuru ipunguze kelele, itumie sekunde kumi au robo saa, matokeo ni yale yale.

Programu za zamani zinaufaa sana utaratibu huu. Unachagua efekti, inakokotoa mara moja, inaandika matokeo diskini, imemaliza. Nyingi za siku hizi hupenda kukokotoa efekti upya kila unapocheza sauti, na hapo ndipo prosesa ya zamani inapozidiwa. Basi kompyuta yako ilinde wakati wa kurekodi, na ivumilie wakati wa kuhariri.

Mfano ninaoutumia ni Audacity 2.4.2, toleo la mwaka 2020 na la mwisho katika mfululizo wa 2, kwenye Windows 7. Majina ya menyu nimeyaacha kama utakavyoyaona kwenye skrini. Ukiwa na programu nyingine ya rika hilo, majina yatatofautiana lakini mpangilio wa kazi ni huu huu.

## Vitu vya kuandaa

- Kompyuta yenye nafasi tupu diskini isiyopungua gigabaiti 10. Sababu utaiona kwenye hatua ya 3.
- Faili la kusakinishia programu, kutoka kwenye kurasa rasmi za mradi.
- Maikrofoni, iwe ya USB au ya waya wa milimita 3.5.
- Hedifoni. Spika za kompyuta kuukuu huficha kasoro nyingi.
- Flashi au diski ya nje ya kuwekea nakala za akiba.
- Saa yoyote inayoonyesha sekunde.

Angalia matundu kabla ya kununua chochote. Kwenye kompyuta nyingi za mezani, tundu la waridi ni la maikrofoni, la buluu ni la kuingizia sauti kutoka kwenye kifaa kingine kama kinasa sauti, na la kijani ni la kutolea. Hedifoni za simu zenye maikrofoni hazirekodi zikichomekwa kwenye tundu la waridi peke yake, kwa sababu plagi yao imeunganisha mambo mawili. Zinahitaji kigawanyaji.

## Hatua ya 1: Chagua toleo linaloendana na mashine

Bonyeza kulia kwenye Computer, kisha Properties, uone kama mfumo ni wa biti 32 au 64. Mfumo wa biti 32 hauwezi kuendesha programu ya biti 64, hata RAM iwe nyingi kiasi gani. Audacity za Windows zilikuwa za biti 32 tu hadi toleo la 3.0.3, kwa hiyo 2.4.2 haitakusumbua kwa hilo.

Mwenye Windows XP atafute matoleo ya 2.0, yaliyoanza kutoka mwaka 2012. Hayo yana mambo mawili ya kukumbuka. Kwanza, efekti ya kupunguza kelele inaitwa Noise Removal badala ya Noise Reduction. Pili, toleo lolote lililotangulia 2.3.2 haliji na kitengeneza MP3 chake. Linahitaji faili la LAME lisakinishwe pembeni.

Tahadhari. XP iliacha kupewa marekebisho ya usalama Aprili 2014, na Windows 7 Januari 2020. Kompyuta ya namna hiyo ifanye ya mashine ya sauti tu: pakua programu kwenye kompyuta nyingine, ilete kwa flashi, na intaneti izime moja kwa moja. Na zile programu za kulipia zinazogawiwa bure zikiwa zimevunjwa kufuli, ziache. Mara nyingi zinakuja na wageni usiowataka.

Umefaulu ukiona programu inafunguka bila ujumbe wa kosa, na kwenye vishale vya kuchagua vifaa vya sauti jina la maikrofoni yako limeorodheshwa.

## Hatua ya 2: Ipunguzie kompyuta mizigo

Hapa usiwe na huruma. Kila kinachoendeshwa nyuma ya pazia kinaweza kushika diski kwa nusu sekunde, na nusu sekunde inatosha kumeza neno.

1. Zima Wi-Fi, funga kivinjari, funga kila dirisha lisilohusika.
2. Fungua Control Panel, kisha Power Options, uchague High performance. Zuia diski na skrini zisilale. Kompyuta mpakato ikiwa kwenye betri hupunguza kasi ya prosesa yenyewe bila kukuuliza.
3. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, uangalie matumizi ya prosesa ukiwa hujafanya lolote. Yakigota juu bila kushuka, tafuta programu inayohusika na uifunge.
4. Iambie programu ya kuzuia virusi isikague folda ya kazi zako za sauti. Matoleo ya 2 huhifadhi sauti katika vijifaili vingi visivyozidi takriban megabaiti moja kila kimoja, na kizuia virusi hutaka kukichungulia kila kinachozaliwa.
5. Kama diski ni ile ya kuzunguka, ipange upya kwa Disk Defragmenter. Kama ni SSD, usifanye hivyo. Haisaidii na inaichosha bure.

Safisha pia vumbi kwenye matundu ya hewa. Feni iliyoziba inanguruma hadi ndani ya maikrofoni, na prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi ili isiungue. Rekodi ya dakika tano inaweza kutoka safi kabisa na ya dakika arobaini ikaharibika, na chanzo kikawa ni joto tu.

## Hatua ya 3: Panga mipangilio ya programu

Bonyeza Ctrl+P kufungua Preferences.

Quality. Weka Default Sample Rate iwe 44100 Hz na Default Sample Format iwe 16-bit. Programu yenyewe huja ikiwa 32-bit float, na wataalamu watakuambia ndiyo bora. Ni kweli, kwa kompyuta yenye nguvu. Hesabu inaonyesha hivi: saa moja ya stereo (njia mbili za sauti) ya 32-bit float inakula takriban gigabaiti 1.27, na saa moja ya mono (njia moja) ya 16-bit inakula megabaiti 318. Kwa sauti ya mtu anayezungumza, hiyo ya pili inatosha, na diski inaandika robo tu ya mzigo.

Kuna gharama yake, lakini. Kwenye 16-bit, sauti ikipita kipimo cha juu inapasuka moja kwa moja, wala huwezi kuishusha baadaye ikarudi sawa. Ndiyo maana hatua ya 5 inasisitiza viwango.

Directories. Tengeneza folda yako mwenyewe, kwa mfano D:\Sauti\Muda, uiteue kuwa folda ya muda. Pale ilipowekwa na programu, ndipo programu za kusafisha kompyuta hupenda kupita na fagio. Zikifagia wakati una kazi ambayo hujaihifadhi, imekwenda. Funga programu na uifungue tena ili badiliko lishike.

Recording. Ondoa alama kwenye Software playthrough, inayokurudishia sauti yako kwenye hedifoni ikiwa imechelewa. Inachanganya msemaji na kuitwisha mashine mzigo.

Devices. Host iwe MME, Channels iwe 1, yaani mono. Maikrofoni moja haina stereo. Ukirekodi stereo unaandika kitu kile kile mara mbili.

Sasa toka nje ya programu: Control Panel, Sound, kichupo cha Recording, chagua maikrofoni, Properties, kisha Advanced. Chagua 16 bit, 44100 Hz. Windows na programu vikitofautiana, kompyuta italazimika kubadili sauti kutoka kipimo kimoja kwenda kingine huku ikirekodi. Kwenye kichupo cha Levels, Microphone Boost iweke sifuri au karibu yake. Hiyo huinua mvumo sawasawa na inavyoinua sauti.

## Hatua ya 4: Jaribio la dakika kumi

Hatua hii ndiyo inayorukwa zaidi, na kwa maoni yangu ndiyo yenye thamani kuliko zote. Usikilizaji wa haraka haugunduli sauti iliyoruka. Saa inagundua.

Bonyeza R kuanza kurekodi na hapo hapo anza kuhesabu kwa saa yako. Ongea, soma gazeti kwa sauti, fanya lolote, lakini usiguse kompyuta. Dakika kumi zikitimia kwa saa yako, simamisha. Tazama urefu wa traki.

Traki ikiwa ya dakika 10 na nukta chache za kupishana kwa vidole vyako, na programu haijaweka alama za sauti iliyopotea, mashine iko sawa. Ikiwa ya dakika 9 na sekunde 54, kuna sekunde sita za sauti hazikuandikwa, hata kama sikio lako halijazikamata. Programu ikiigundua sauti iliyopotea, inaweza kuacha pengo na kuliwekea alama; isipoigundua, hakuna pengo. Vipande vinavyobaki husogeana, na traki inakuwa fupi.

Ikipungua, rekebisha kwa mpangilio huu, ukirudia jaribio baada ya kila badiliko:

1. Kama maikrofoni ni ya USB, ichomeke moja kwa moja kwenye kompyuta badala ya kwenye kigawanya USB, na ondoa vifaa vingine vya USB.
2. Hakikisha unaandika kwenye diski ya ndani. Kurekodi moja kwa moja kwenye flashi ni kujitafutia balaa.
3. Kwenye Preferences, Devices, ongeza Buffer length kutoka milisekunde 100 hadi 200. Unaipa kompyuta nafasi ya kupumua kabla haijazidiwa.
4. Punguza ukubwa wa dirisha la programu na usogeze mwonekano mbali (Zoom Out) hadi mchoro usisogee sogee. Kuchora wimbi nako kunakula nguvu.
5. Badili Host kutoka MME kwenda Windows DirectSound.

Usifanye yote kwa mpigo. Hutajua lipi lilikuponya, na siku tatizo likirudi utaanza upya.

## Hatua ya 5: Rekodi

Bofya kipimo cha kurekodia ili kianze kucheza kabla hujarekodi. Mwambie msemaji aseme kwa nguvu atakayoitumia kweli, kisha panga kiwango ili vilele vya juu viguse kati ya −12 na −6 dB. Watu wakichangamka hupandisha sauti, na nafasi hiyo uliyoiacha juu ndiyo itakayokuokoa.

Ukisikia mngurumo wa chini usiokatika kwenye kompyuta mpakato, chomoa chaja usikilize tena. Ukipotea, chaja ndiyo chanzo. Rekodi kwa betri kama bado inadumu.

Acha sekunde tano za kimya mwanzoni, watu wote wakiwa wametulia chumbani. Utazihitaji kwenye hatua ya 7.

Gawa kazi ndefu katika vipande vya dakika 20. Kila kipande kikiisha, simamisha, hifadhi, anza kingine. Umeme ukikatika, utakuwa umepoteza kipande tu.

## Hatua ya 6: Hifadhi mradi bila kuuvunja

Hapa ndipo kazi nyingi zinapofia.

Ukihifadhi mradi unaoitwa mahojiano, toleo la 2 linatengeneza vitu viwili: faili mahojiano.aup na folda mahojiano_data. Faili la .aup ni dogo kwa sababu halina sauti ndani yake. Lina maelekezo tu: kipande gani kianze wapi, kikatwe wapi. Sauti yenyewe imo kwenye folda. Anayenakili .aup peke yake amebeba orodha na kuacha mali.

Kwa hiyo:

- Kila mradi uwe na folda yake, na uhamishe folda nzima.
- Usibadilishe jina la faili wala la folda ukiwa nje ya programu. Tumia Save Project As.
- Usifungue folda ya _data ukaanza kupanga au kufuta vijifaili.
- Unapopeleka kwenye flashi, bana folda nzima iwe faili moja la ZIP. Vijifaili mamia hunakiliwa taratibu sana, na kimoja kikiruka mradi una tundu.
- Usihariri mradi ukiwa bado kwenye flashi. Uhamishie kwenye diski kwanza.

Kabla ya kugusa chochote, toa nakala ya WAV, yaani faili la sauti isiyobanwa, ya rekodi ghafi kupitia File, Export, Export as WAV, uiweke mbali. Hata mradi ukiharibika kabisa, una pa kuanzia.

Programu ikizimika ghafla, ifungue tena papo hapo na ukubali inapokuuliza kama irudishe mradi. Kisha hifadhi kwa jina jipya. Usifute folda ya muda kabla ya hapo.

Umefaulu ukiona mradi unafunguka na kucheza ukiwa kwenye kompyuta nyingine, si kwenye ile ulikoutengenezea.

## Hatua ya 7: Hariri kwa mpangilio

Kila efekti unayoitia kwenye traki nzima huandika nakala mpya ya sauti diskini, na ile ya zamani inabaki ili uweze kurudi nyuma. Efekti kumi juu ya saa moja ya mono tayari ni zaidi ya gigabaiti tatu. Ndizo zile gigabaiti 10. Diski ikianza kujaa, nenda View, History, ufute hatua za zamani, ukijua kwamba hutaweza kuzirudia.

Kwanza, nyoosha wimbi. Kadi za sauti za zamani mara nyingi huandika wimbi likiwa limepanda au kushuka kidogo kutoka mstari wa katikati. Sikio halilisikii, lakini kila utakapokata utasikia kishindo kidogo. Chagua yote kwa Ctrl+A, fungua Effect, Normalize, acha alama kwenye Remove DC offset peke yake. Fanya hivi kabla ya mkato wowote.

Pili, punguza kelele. Chagua zile sekunde tano za kimya, fungua Noise Reduction, bonyeza Get Noise Profile. Kisha chagua traki nzima, rudi kwenye efekti hiyo hiyo. Anza na 12 dB. Kabla ya kukubali, weka alama kwenye Residue na ubonyeze Preview: utasikia kile kinachoondolewa. Ukisikia mvumo mtupu, vizuri. Ukisikia maneno, unamla msemaji, punguza namba. Rudisha alama kwenye Reduce kabla ya kubonyeza OK, la sivyo utabaki na kelele na utakuwa umeondoa sauti.

Kelele kidogo iliyobaki ni afadhali kuliko sauti ya mtu aliye ndani ya bomba. Wengi huzidisha hapa.

Tatu, kata. Sikiliza mwanzo hadi mwisho mara moja, ukibonyeza Ctrl+M kuweka alama kila penye kasoro, bila kusimama. Kisha anzia mwisho ukirudi mwanzo, ili mkato mmoja usikusogezee sehemu ambazo hujazifikia. Chagua kipande, bonyeza Z ili kingo ziangukie wimbi linapovuka sifuri, kisha Delete. Pumzi za msemaji usizimalize zote. Mtu asiyepumua anachosha kusikiliza.

Nne, High Pass Filter kwenye 80 Hz, ili kupunguza mtetemo wa meza na mngurumo wa chini.

Tano, Compressor, ukiacha vipimo vyake kama vilivyo. Inakuja baada ya kupunguza kelele kwa sababu huinua vilivyo chini, na kelele ni mojawapo.

Mwisho, Normalize tena, safari hii kilele kiwe −1 dB.

Kompyuta ikionekana imeganda wakati wa efekti, tazama taa ya diski. Ikiwa inapepesa, iko kazini, iache. Kubofya bofya kunaongeza foleni tu.

## Hatua ya 8: Toa faili la mwisho

Toa WAV kwanza, ya 16-bit, ya kuhifadhi. Kisha MP3 ya kusambaza. Kwa mazungumzo ya mono, 64 kbps inatosha: saa moja ni takriban megabaiti 29. Penye muziki, tumia stereo na 128 kbps au zaidi.

Ukihitaji kurekebisha siku nyingine, rudi kwenye mradi au WAV. MP3 inayofunguliwa, kuhaririwa na kubanwa upya inapoteza ubora kila mara.

Faili la WAV halipaswi kuzidi gigabaiti 4, maana nafasi ya kuandikia ukubwa ndani yake inaishia hapo. Flashi zilizopangwa kwa FAT32 nazo zina mpaka huo huo.

Umefaulu ukiona urefu wa MP3 ni sawa na wa mradi, na inasikika vizuri kwenye simu. Sauti ikitoka nyembamba na ya haraka, au nzito na ya kuburuta, kuna namba ya Hz isiyolingana: angalia Project Rate chini kushoto na ile ya Windows.

## Ukihamia kompyuta mpya

Toleo la 3.0.0 la Machi 2021 liliachana na folda ya _data na kuweka kila kitu kwenye faili moja la .aup3. Matoleo ya 3 yanafungua .aup za zamani na kuzigeuza, lakini 2.4.2 haiwezi kufungua .aup3. Kwa hiyo nakili folda nzima ya mradi wa zamani, fungua nakala hiyo kwenye mashine mpya, na ile ya asili iache ilivyo hadi utakapohakikisha kila traki imevuka ikiwa kamili.